Chumvi na urea, au shabu na magadi? Ulinganisho kwa mwalimu anayetaka kuotesha fuwele

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa klabu ya sayansi, hapa Moshi, nilifuata nilichokikuta: chumvi, maji ya moto, visosi dirishani. Wiki mbili baadaye kila kikundi kilileta michemraba yake midogo, yote sura moja kama mapacha. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliitazama akaniuliza, "Mwalimu, hivi chumvi haijui umbo jingine?" Nilimpa jibu la mwalimu aliyebanwa: tutaliona mbele ya safari.

Kumbe inalijua. Ila halitoki mpaka umwingize mgeni majini. Kitu kilichoyeyuka pamoja na chumvi, ambacho chenyewe wala hakiingii kwenye fuwele kwa kiasi cha maana, kinaweza kuugeuza mchemraba ukawa umbo lenye nyuso nane za pembetatu. Shabu nayo, ile ya kinyozi, ambayo kwa kawaida yake ndiyo yenye nyuso nane, unaweza kuivuta ikawa mchemraba. Ni safari mbili zinazopishana njiani. Nimezifanya zote mbili, miaka tofauti na madarasa tofauti, na walimu wenzangu wa huku na wa Arusha huniuliza waanze na ipi, maana kabati ni moja na muhula ni mfupi. Nina upande wangu na nitausema. Lakini kwanza sabuni.

Mche wa sabuni na kisu

Nunua mche mmoja wa sabuni ya kufulia, ukate vipande vya mchemraba, kila kikundi kimoja. Waambie wakate kona moja kwa mkato ulionyooka, kisu kikile sawasawa pande zote tatu zinazokutana pale. Panapokatwa panatokea pembetatu. Wakate kona zote nane kwa namna hiyo hiyo, kisha waendelee kuzila kidogo kidogo. Pembetatu zinapanuka, nyuso za mwanzo zinasinyaa mpaka zinakuwa miraba midogo iliyokaa mshazari, na mwisho zinabaki ncha sita tu. Mkononi umeshika piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako.

Sasa wazo lenyewe, na ndilo linalowapoteza wengi, hata sisi walimu. Fuwele haikatwi, inakua, na katika kukua uso unaokwenda haraka ndio unaopotea. Unasukumwa nje upesi, majirani zake wanaubana kutoka kila upande, unaishia kuwa ncha. Uso mvivu ndio unaobaki na kutanda. Kwa hiyo anayetaka kubadili umbo la fuwele hana haja ya kugusa mpangilio wake wa ndani. Anatafuta kitu cha kukaa juu ya uso fulani na kuuchelewesha, basi. Pembe kati ya aina moja ya uso na nyingine hubaki zile zile: kwenye mchemraba nyuzi 90, kwenye pande nane kama nyuzi 109 na nusu, iwe fuwele ni kubwa au ndogo, nzuri au iliyopinda.

Usiruke hatua ya sabuni. Darasa nililoliruka lilibaki linadhani urea "inakula" kona za chumvi.

Chumvi na urea

Hili lina historia ya kuchekesha. Mwaka 1783 Mfaransa Jean-Baptiste Romé de l'Isle aliandika kwamba chumvi ikiganda kutoka kwenye mkojo inatoa pande nane badala ya michemraba. Urea iliyomo kwenye mkojo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo. Sisi tunaipata kwa heshima zaidi, duka la pembejeo, inapimwa kwa kilo. Ila ukifika dukani usiseme "mbolea ya kukuzia" ukanyamaza, maana CAN nayo ni ya kukuzia na unaweza kufungiwa hiyo. Taja urea kwa jina. Urea ni punje nyeupe za mviringo zinazoyeyuka zote. CAN huacha tope la chokaa chini ya gilasi.

Kuhusu sababu, fikiria ubao wa drafti. Uso wa mchemraba wa chumvi uko hivyo: sodiamu, kloridi, sodiamu, kloridi, chaji chanya na hasi zimepishana kila mraba, uso umetulia. Uso wa pembetatu ni kama ubao wenye rangi moja: tabaka zima ni sodiamu tupu, au kloridi tupu. Uso kama huo hautulii. Kwenye maji matupu unadaka haraka chochote kinachopita ili ufunikwe, unakua mbio, unatoweka. Molekuli ya urea ina upande wenye uhasi kidogo na upande wenye uchanya kidogo, na mahali pake pa kukaa ni pale penye chaji ya aina moja. Ikishakaa, uso unatulia, unachelewa, unabaki.

Mwenye kutaka kuwa mkali ataniambia urea si chumvi kwa maana ya kemia, haina ioni. Kweli kabisa. Hilo ni moja ya mapungufu ya jaribio hili kwa mwalimu ambaye somo lake ni chumvi zilizoyeyuka.

Utengenezaji ni rahisi. Chumvi, gramu 36 hivi, inashibisha mililita 100 za maji, na kuyapasha moto hakuongezi kitu cha maana. Chuja kwa kitambaa safi. Kisha ongeza urea. Mimi naanzia gramu 15 kwa kila mililita 100. Hapo wape wanafunzi washike gilasi: inapoa mkononi, kwa sababu urea inapoyeyuka inavuta joto. Hilo peke yake linastahili dakika tano. Usiirudishe jikoni ikachemka, urea huvunjika na darasa litanuka amonia. Mimina kwenye visosi, funika na kitambaa chepesi, weka pasipo jua kali. Kisosi kimoja kiwe cha chumvi peke yake, cha kulinganishia.

Utakachopata ni mchanganyiko. Fuwele za milimita moja, mbili, ukibahatika tatu. Baadhi ni pande nane kamili, baadhi ni michemraba iliyokatwa kona kama ile sabuni. Bila lenzi ya mkono hakuna wa kushangaa. Na ukizidisha urea kwa tamaa, maji yakikauka unaona sindano ndefu nyeupe zimetapakaa: hiyo ni urea yenyewe inaganda, chumvi imezikwa chini yake.

Kuna jingine lililonitesa msimu mzima. Kundi moja la visosi, tena vile vya chumvi tupu, lilitoa matawi kama ya mkangaga, chumvi inapanda ukingo wa kisosi na kushuka upande wa pili mpaka mezani. Nilidhani wanafunzi wamechezea. Ilikuwa pakiti. Chumvi laini ya mezani huweza kutiwa dawa ya kuizuia isigande mabonge, na mojawapo ya dawa hizo ni ferosianidi ya potasiamu, ambayo kwenye orodha ya viambato huandikwa kwa namba 536. Kiasi chake ni miligramu chache kwa kilo nzima, salama kwa mlaji, lakini ioni yake inaingia kwenye uso wa mchemraba na kuuzuia kabisa, chumvi inakosa pa kukulia ila kwenye kona, inachipua matawi. Kwa hiyo kwa jaribio hili nunua chumvi ya mawe, uioshe haraka kwa maji kidogo ya chumvi yaliyoshiba, uichuje. Pakiti yenye 536 usiitupe. Yenyewe ni onyesho zuri kuliko urea, na hapo ioni ya chumvi nyingine ndiyo inayofanya kazi.

Shabu na magadi

Shabu na magadi nanunua sokoni Mbuyuni, kwa mama mmoja anayeuza pia ubani na mizizi.

"Shikamoo mama. Nataka shabu."

"Marahaba mwalimu. Ya kinyozi au ya kutulizia maji?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Bonge angavu kama barafu, lile ambalo kinyozi hukupaka kidevuni baada ya wembe, mara nyingi ndilo shabu ya potasiamu, na ndilo unalolitaka. Unga wa kutulizia maji unaweza kuwa salfeti ya alumini tupu, nao hautakupa fuwele za maana hata ukikesha. Magadi anayo ya mabonge, ya kijivu yenye michirizi ya udongo, yale yale ya kiburu na makande.

Shabu ina faida moja ambayo chumvi haina hata chembe: inatii joto. Maji ya kawaida ya nyuzi 20 yanayeyusha kama gramu 12 kwa mililita 100. Ya nyuzi 60 yanayeyusha zaidi ya gramu 50. Kwa hiyo unayeyusha moto, unaacha ipoe, na kesho yake asubuhi una fuwele chini ya chupa. Chagua moja nzuri yenye nyuso safi, ukubwa wa punje ya mchele, uifunge kwa uzi mwembamba wa nailoni, uining'inize kwenye maji ya shabu yaliyoshiba yaliyokwisha poa kabisa. Baada ya siku chache iko kama punje ya hindi, baada ya wiki tatu imefikia karanga kubwa, na inang'aa pande zake nane bila lenzi yoyote.

Ndipo magadi yanapoingia. Yaponde, yayeyushe kwenye maji kidogo, yaache yatuame usiku kucha, uchuje mpaka udongo uishe. Weka maji ya shabu kwenye chupa ya jamu, tone la magadi moja moja, ukikoroga. Kila tone linatoa povu, kwa sababu maji ya shabu yana asidi na magadi ni kaboneti, halafu linatoka wingu jeupe kama maziwa. Koroga, wingu linarudi kuyeyuka. Tone jingine, wingu jingine, koroga. Kadiri unavyoendelea linachelewa kutoweka. Siku ambayo wingu linagoma kabisa umefika mwisho, acha, chuja. Hilo wingu ni hidroksidi ya alumini, na maji uliyobaki nayo yana alumini iliyokwisha kushika hidroksidi kiasi. Hizo ndizo zinazolemea nyuso za mchemraba na kuzichelewesha. Boraksi hufanya kazi hiyo hiyo, ila magadi kila jikoni ya huku yapo.

Maji haya usiyapashe moto tena. Yakipata joto yanaangusha unga mweupe, na kazi yote ya matone imekwenda.

Sasa chukua ile fuwele yako ya pande nane, iliyokulia kwenye shabu safi, uihamishie humu. Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika jambo zima. Baada ya siku mbili tatu, kila ncha kati ya zile sita inapata kibapa, mraba mdogo unaong'aa, kama mtu amepita na tupa usiku. Kila siku miraba inapanuka, pembetatu zinaminywa. Wanafunzi wanaokumbuka sabuni wanaona ile filamu inarudi nyuma, tena inarudi kwa kuongeza, hakuna kilichokatwa. Binti mmoja alikuja na rula kila saa nne asubuhi kupima upana wa mraba mmoja na kuandika ukutani kwa chaki. Sikumwagiza.

Mapungufu yapo. Kupatia matone kunataka mkono mtulivu. Kikundi cha vijana wanne wenye haraka watamwaga magadi yote na kubaki na uji mweupe. Magadi yenyewe hayafanani, bonge hili lina chumvi nyingi, lile lina udongo, kwa hiyo huwezi kuandika ubaoni "weka matone 20". Na fuwele ya mbegu ikiwa na ufa, utakuza ufa.

Maji ya wapi?

Mwenzangu anayefundisha upande wa Usa River alikuwa na hofu kwamba maji yao yataharibu kila kitu, kwa sababu ya floridi. Hofu yake ina msingi: visima na chemchemi nyingi za miteremko ya Meru zina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, na kule Ngurdoto kumekuwa na kituo kinachochuja maji kwa mkaa wa mifupa kwa ajili hiyo. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha tu kwa sababu maji yanapungua. Magadi nayo yana floridi yake, jambo ambalo mpishi wa kiburu anapaswa kulijua.

Lakini piga hesabu. Miligramu chache kwa lita, mbele ya gramu 120 za shabu kwenye lita hiyo hiyo? Alumini inaikamata floridi yote na hakuna kitakachoonekana kwenye umbo. Ambapo floridi inabadilisha fuwele kweli ni kinywani. Jino la mtoto linajengwa kwa fuwele ndogo sana za apataiti, na floridi ikizidi wakati zinajengwa, tabaka la nje linabaki na vinyweleo na baadaye linashika rangi ya kahawia. Wanafunzi wa Arumeru hawahitaji picha ya kitabuni kwa hilo, na mwalimu asilifanye la kuchekwa.

Kwa majaribio yote mawili maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza yanatosha. Maji ya bomba ya Moshi, yanayotoka chemchemi za mlima, sijapata shida nayo.

Nilichokiacha nje

Wapo wanaoniambia nilinganishe na kalsiti, madini ya mawe ya chokaa, kwa sababu huko ndiko sayansi ilikozama zaidi. Ni kweli. Magnesiamu ikiwa majini inaing'ang'ania molekuli zake za maji kwa nguvu kuliko kalsiamu. Inapofika kwenye ngazi inayokua ya kalsiti inakwamisha ujenzi, fuwele inarefuka na nyuso zake kuchakaa. Ikizidi sana, kalsiti inashindwa kabisa na madini mengine, aragonaiti, yanachukua nafasi, kwa kemia ile ile lakini kwa sindano. Maji ya bahari yana magnesiamu kama mara tano ya kalsiamu kwa hesabu ya ioni, ndiyo maana matumbawe ya Tanga na Unguja yamejengwa kwa aragonaiti. Lithiamu nayo huitoa kalsiti ikiwa bapa. Unaweza hata kuijaribu magnesiamu kwa chumvi ya haluli kutoka duka la dawa. Tatizo ni kwamba yote hayo yanatokea kwenye chembe ambazo bila hadubini nzuri ni unga tu. Kama shule yako ina hadubini inayofanya kazi, nakuonea wivu, endelea.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, pia nimeuacha. Bluu yake inateka macho, na wazee wenye mibuni wanaujua kwa kazi zake shambani, lakini ni sumu na vijana wangu hula mihogo mezani pale pale.

Ningechagua ipi?

Shabu na magadi, kwa klabu yenye muhula mzima mbele yake. Inaonekana kwa macho, inabadilika siku hadi siku kwenye fuwele ile ile moja, na mgeni wa majini ni chumvi halisi. Chumvi na urea nairudia kwa sababu mbili tu: una wiki moja, au una wanafunzi 80 na kila mmoja anataka kisosi chake. Kwa umati huo shabu haiwezekani, matone yatakushinda.

Angalia na kalenda. Chumvi inategemea maji kukauka. Januari na Februari, joto la Moshi linakausha kisosi kwa siku nne au tano. Masika, kisosi kile kile kinakaa wiki tatu kikitazamana nawe. Shabu inaotesha mbegu kwa kupoa, haijali mvua, na ubaridi wa Juni na Julai unaipendelea.

Tofauti hiyo ya hewa inaendelea hata baada ya kazi kwisha. Shabu ikikaa kabatini kiangazi inapoteza maji yake polepole na kupauka, kwa hiyo ipake rangi ya kucha isiyo na rangi ikiwa bado inang'aa. Chumvi ina ugonjwa wa kinyume, na rangi ya kucha haikai vizuri kwenye punje ya milimita mbili. Pande nane zangu bora za mwaka jana niliziweka kwenye kifuniko cha soda juu ya kabati la maabara, mwezi wa pili. Mwezi wa nne nilikuta kifuniko kina maji.